Maji ya Kidole

Haya, tukubaliane jambo moja kabla hatujafika mbali: katika mji ule ilikuwa alasiri. Si alasiri ya jana wala ya leo. Alasiri tu, basi. Jua lilikuwa limekaa juu ya paa la soko kama mgeni aliyeambiwa angoje chai, chai haiji, naye anaona haya kuaga. Watu walilala wakaamka, ikawa alasiri. Walipika, wakala, wakaosha vyombo, wakapiga miayo, ikawa alasiri ileile. Vivuli vya nyumba vilikuwa vimelala upande mmoja wa kichochoro na havikuwa na nia ya kuondoka. Na umri wa watu, mwenzangu, ulikuwa haushikiki. Mize, ambaye ndiye tutakayekuwa naye, kuna wakati alijitazama mikono akaiona ya kitoto, na kuna wakati akaiona imekunjamana, mishipa nje, na mikono yote hiyo ilikuwa imeshika kata ileile ya kifuu. Alikuwa ameshazoea.

Alasiri hiyo ilianza pale wenye ndege walipoondoka. Maana kila nyumba katika mji ule ilikuwa na ndege wake tunduni, huyu chiriku, yule tetere, mwingine kasuku, na nyumba isiyo na ndege haikuhesabiwa nyumba, ilikuwa kuta na mlango. Basi wakaitwa. Waliitwa na nani, waliitiwa nini, waliobaki waliulizana hata wakachoka kuulizana. Wakubwa wa nyumba wakafunga mizigo, wakashika njia ya kilimani, na kila nyumba ikabakiza mtu mmoja wa kumtazama ndege. Lakini kabla ya kuvaa viatu, kila mwenye ndege alifanya jambo ambalo baba yake alilifanya na bibi yake alilifanya. Aliinama mbele ya tundu, akatia kidole cha shahada kwenye kibakuli cha maji, akakoroga taratibu, akamwambia ndege, "Kunywa unijue." Kisha akamgeukia yule anayebaki na kumwambia, "Ongeza, usimwage."

Unaona sasa? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Maji hayo yaliitwa maji ya kidole, na sheria yake ilikuwa fupi. Kuongeza ni ruhusa: teka kisimani, mimina juu yake, jaza hadi ukingoni, hakuna atakayekugusa. Kumwaga ni mwiko. Walisema kidole cha mtu kikishaingia majini basi mtu mwenyewe yumo mle, na njia yake ya kurudi imo mle, na ukiyamwaga maji hayo ndege atamsahau bwana wake, na bwana naye ataisahau njia ya kwao, atazunguka huko aliko mpaka viatu viishe soli. Nani angekubali kumpoteza mama yake kwa ajili ya kibakuli? Basi wakaongeza. Ndege akanyea majini, wakaongeza. Makapi ya uwele yakaanguka yakaoza, wakaongeza. Manyoya, vumbi, mdudu aliyekufa miguu juu, vyote vikamiminiwa maji safi ya kisima, baridi, yanayong'aa, na maji safi yalipoingia mle yakachafuka papo hapo yakawa sawa na wenzake. Kisima chenyewe kilikuwa kimejaa pomoni wakati wote huo. Utando wa kijani ukapanda kwenye kingo za vibakuli, harufu ikashika mapazia, na ndege wakaanza kunyamaza mmoja mmoja.

Kimya hicho hakuna aliyekitilia maanani mwanzoni. Zamani, jua lilipokuwa bado linatembea, mji ule ulisikika kabla ya kuonekana. Mtu akiwa kule kilimani, miti imemzingira, hajui kulia wala kushoto, alitega sikio akaufuata mlio wa ndege mpaka mlangoni kwake. Sasa ukisimama sokoni unasikia mate yako mwenyewe yakishuka kooni. Watu walisema ndege wanawakumbuka mabwana zao, ndiyo maana wamenyamaza, ni adabu njema hiyo. Jamani! Binadamu akitaka kujidanganya hakosi maneno mazuri ya kujidanganyia. Na walijipongeza kwa adabu ya ndege wao, kisha wakaongeza maji.

Mize alikuwa amebakizwa na mama yake, Bi Kazija, amtazame Tunu. Tunu alikuwa chiriku wa manjano, mdogo wa kutosha kwenye kikombe cha kahawa. Bi Kazija alikuwa mpishi wa shughuli za mji mzima, mtu wa masihara, mwenye kicheko cha kuamsha majirani, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimeganda rangi ya bizari, hakitoki kwa sabuni wala kwa limau. Siku ile alipokitia majini, uzi mwembamba wa manjano ulitoka kwenye ukucha, ukajipinda, ukazama. Mize aliuona. Tangu hapo kila alipoongeza maji aliutafuta ule uzi. Mara aliuona, mara hakuuona, na alipouona alishusha pumzi. "Mama yumo," alijiambia.

Sasa Tunu alikuwa amekaa chini tunduni. Si juu ya kijiti, chini kabisa, kwenye makapi. Manyoya yamemfura, jicho limefumba nusu, mdomo wazi. Aliinama kunywa, akaacha, akainama tena, akaacha. Mize hakuhitaji kuambiwa na mtu. Huyu akiendelea kuyanywa maji haya anakufa, na akiacha kuyanywa anakufa vilevile. Yamwage, basi? Na mama je? Hapo ndipo alipokuwa amekwama, na hata mimi ninayekuhadithia nisingependa kuwa yeye.

Bwana Msellem akapita. Huyu ndiye aliyejitwalia mji. Hakuwa na ndege wake. Alibakizwa na Mkubwa, yule mwenye nyumba ya ghorofa, amtazame kasuku, na kwa kuwa kasuku ni wa Mkubwa, mtazamaji naye akajiona mkubwa. Alitembea na tundu la kasuku mkono mmoja na mkono mwingine ameshika ufito wa mwanzi. Aliuchovya ufito kwenye vibakuli vya watu, akaupeleka puani, akajua kama umemwaga au umeongeza tu. Kazi ya kunusa aliifanya kwa moyo wake wote.

"Shikamoo, Bwana Msellem."

"Marahaba, binti Kazija. Ndege mzima?"

"Si mzima. Anaumwa."

Msellem alichovya, akanusa, akafumba macho kwa raha. "Maji mazito haya. Yana heshima zake. Mama yako yumo tele."

"Bwana, yananuka."

"Mama yako ananuka?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Mimi nimesikia, na huyu pia amesikia." Akainua tundu. Kasuku alikuwa amepukutika kifua kizima, ngozi inaonekana. Alifungua mdomo, na humo ikatoka sauti nene ya mtu aliyeshiba, sauti ya Mkubwa mwenyewe, ila imekwaruza: "Ongeza! Usimwage! Narudi sasa hivi!"

Msellem akasimama wima, visigino pamoja, mikono mapajani, tundu likining'inia. Ndivyo alivyofanya kila kasuku alipotamka, hata akiwa katikati ya tonge, hata akiwa chooni akisikia kwa mbali. Mtu mzima na ndevu zake, anapewa amri na ndege anayemnywesha uchafu kwa mkono wake mwenyewe! Lakini hakuna aliyecheka. Mkubwa alikuwa hayupo, na kutokuwepo kwake ndiko kulikomfanya awe kila mahali. Angekuwepo, watu wangemwona anapiga chafya, anatafuta kiatu, anagombana na mkewe, wangemzoea. Asiyekuwepo hapigi chafya. Anabaki sauti tu, na sauti haina pa kushikwa, huwezi kuiuliza swali ikababaika. Mize alijaribu hivyo hivyo.

"Hiyo sasa hivi yake ni lini, bwana?"

"Ni sasa hivi!" Msellem alikunja uso. "Na nikuambie, binti. Atakayemwaga nitamtoa mjini kwa njia ya kilimani, akamtafute huko huyo aliyempoteza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi ongeza."

Akaongeza. Aliongeza huku anamtazama, na maji yakapanda mpaka ukingoni, na Tunu akafumba jicho lililobaki wazi.

Ng'ambo ya kichochoro alikaa Pandu, mtu mnene, mwoga, mwenye roho nzuri, aliyebakizwa na kaka yake amtazame tetere. Mize alivuka kwenda kwake kumwomba shauri, kwani mtu akizidiwa hata shauri la mwoga analitaka. Alimkuta amepiga magoti mbele ya tundu, anamimina maji taratibu, ulimi umemtoka pembeni kwa uangalifu.

"Karibu, dada Mize. Namalizia kuongeza."

Mize alichungulia. Tetere alikuwa amelala chali, vidole vimejikunja.

"Kaka Pandu, huyu amekufa."

"Najua."

"Amekufa lini?"

"Alasiri."

"Sasa maji ya nini?"

Pandu hakumtazama. "Kaka akirudi nitamwambia ndege kafa, naye atasema ndege hufa. Lakini akikuta maji hayapo nitamwambia nini? Maji yapo. Tazama mwenyewe, yamejaa." Alitabasamu, na machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni yakidondokea mlemle kibakulini, na hata hayo aliyahesabu kuwa ni kuongeza.

Hasira zilimpanda Mize kutoka miguuni. Zilikuwa hasira safi, za mtu aliyekuwa amelala akamwagiwa maji ya baridi. Hakumkasirikia Pandu; angemkasirikiaje mtu yule? Alikasirikia kile kibakuli kilichojaa mbele ya maiti. Alimshika Pandu bega, akarudi kwake mbio.

Alikaa kitako mbele ya tundu. Hapo likatokea jambo ambalo katika mji ule halikuwa geni sana: alijikuta yumo ndani. Yeye ndiye aliyekaa kwenye makapi, fito za tundu mbele ya uso wake, ulimi mkavu, na nje, mkubwa wa kufikia dari, alikaa Tunu ameshika kata. Tunu akaongeza maji. Tunu akasema kwa sauti ya Bi Kazija, "Kunywa unijue." Mize akainama. Mle majini aliuona uso wa mama yake, na chini yake uso wa bibi yake, na chini zaidi nyuso ambazo hakuwahi kuzijua ila pua zao zilikuwa pua yake, zimepangana mpaka giza linapoanzia, na zote zilikuwa na midomo iliyokauka. Hata hao waliomo majini walikuwa na kiu.

Akasema, au Tunu ndiye aliyesema, au nyuso zile:

Mwenye mimi ni nani. Aliyetia kidole akaenda zake. Au anayeleta maji. Au mwenye kiu ni wa kiu yake mwenyewe, basi.

Mama, nakupenda. Mama, maji yako yananiua. Yote mawili ni kweli. Nimeyaweka pamoja nikasubiri yagombane, hayakugombana.

Kidole si wewe. Wewe ni yule aliyenicheka nilipounguza wali wa watu. Wewe ni mkono mgongoni mwangu nilipokuwa na homa. Nimeyatafuta hayo kibakulini. Nimetafuta alasiri nzima, na unajua alasiri yetu ilivyo ndefu. Hayamo.

Na kama njia yako imo humu? Kama kweli imo? Basi nitakuwa nimekupoteza kwa mkono wangu, nami nitalia mpaka nife, wala sitasema ni mtu mwingine. Lakini hukuniambia nimtazame ndege mpaka afe. Uliniambia nimtazame. Namtazama. Anakufa, mama.

Alitokaje mle tunduni sijui, hata yeye hajui. Alipotoka mikono ilikuwa yake, ya umri wake mwenyewe, si ya kitoto wala ya kizee. Akapiga moyo konde. Akafungua kilango, akatoa kibakuli, akatoka nacho mpaka katikati ya kichochoro, peupe, mbele ya madirisha yote, maana aliona jambo hili akilifanya jikoni kwa kujificha atakuwa amelifanya nusu.

Akamwaga.

Yalianguka kwa kishindo kikubwa kuliko ukubwa wa kibakuli chenyewe. Utando wa kijani ukajibandika juu ya mawe kama kitambaa kibovu, na maji meusi yakatambaa kwenye mfereji, na ndani yake, Mize aliuona kwa macho yake, uzi mwembamba wa manjano ukapita ukijipinda. "Mama!" alipiga ukelele, akaurukia. Vidole vyake vikagusa jiwe. Uzi ukaingia chini ya ardhi. Alibaki amechutama pale, mkono umelowa, na kwa kitambo hakuwa shujaa wa mtu yeyote. Alikuwa mtoto aliyeachwa.

Halafu akainuka, kwa sababu kibakuli kilikuwa bado kichafu. Akakisugua kwa makumbi ya nazi na majivu, akapitisha limau kwenye mikunjo yote, akasuuza, akanusa, akasuuza tena. Akateka kisimani. Maji mapya yalipotua kibakulini aliona chini kabisa ua la buluu lililochorwa na mfinyanzi, ua ambalo hakuna mtu wa umri wake aliyewahi kujua kwamba lipo. Akarudi ndani, akakitundika kibakuli pembeni, mbali na kijiti, ndege asiweze kukinyea tena. Toba, jambo dogo namna hiyo! Vizazi na vizazi vilikuwa vimeweka kibakuli chini ya kijiti kwa sababu ndipo kilipokuwa.

Na hapo, kabla hajafunga kilango, kidole chake cha shahada kilijinyoosha chenyewe juu ya maji. Hakuna aliyekuwa anamwona. Maji yalikuwa wazi, hayana mtu. Angetia tu, akakoroga kidogo, akasema maneno yale mawili, na Tunu angekuwa wake daima. Tena angekuwa na haki, si ndiye aliyemwokoa? Kidole kilikaribia mpaka akaona kivuli chake kimegusa ua la buluu. Alifikiri kwamba huenda kila maji ya kidole yalianza hivi hivi, kwa mtu mwema aliyeleta maji masafi siku moja, akataka akumbukwe. Akakunja ngumi, akautia mkono nyuma ya mgongo wake.

"Kunywa," alimwambia Tunu. Akaishia hapo.

Tunu alifungua jicho. Akajikokota juu ya makapi, akapanda ukingoni, akachovya mdomo, akainua kichwa ili maji yateremke. Akachovya tena. Alikunywa mpaka Mize akaogopa. Kisha akajikung'uta, matone yakamrukia Mize usoni, akatoa mlio mmoja mfupi, mkavu, wa kubahatisha. Na ukutani, kivuli cha tundu kikasogea.

Usidhani natia chumvi. Kilisogea. Mize alikitazama mpaka macho yakamtoka pima. Kivuli kilichokaa mahali pamoja tangu mama aondoke kilihama upana wa kidole, kikatulia, kikahama tena.

Msellem alifika mbio, kanzu ameikamata kwa meno, tundu la kasuku linayumba mkononi, na nyuma yake walikuja watu wote waliobakizwa majumbani. Hakuhitaji ufito. Kichochoro kilikuwa kimelowa.

"Nani?" alifoka. "Nani amemwaga?"

"Mimi," alisema Mize kutoka mlangoni.

"Unajua ulichokifanya? Umemuua Bi Kazija! Mama yako mzazi! Yuko huko sasa hivi anazunguka hajui kwao!"

Neno hilo lilimchoma Mize, kwa sababu ndilo aliloliogopa. "Pengine," alisema. "Ila Tunu amekunywa."

"Ndege! Kwa ajili ya ndege!"

"Na walituachia nini kingine tukitazame, Bwana Msellem? Si ndege?"

Watu walinong'onezana. Msellem aliinua tundu juu ya vichwa vyao kwa mikono miwili. "Asikilizwe Mkubwa! Mkubwa aseme mwenyewe!" Na kila mtu akanyamaza. Kasuku akafungua mdomo. Hakutoka neno. Akafungua tena, shingo imejinyoosha, na kilichotoka kilikuwa kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Msellem alikuwa ameshajiweka wima, visigino pamoja, akangoja amri. Amri haikuja. "Sema," alimnong'oneza. "Sema, tafadhali. Ongeza... Us... Sema basi!" Nafikiri ndipo alipoona mara ya kwanza kwamba mkononi ameshika ndege mgonjwa.

Mize alimsogelea na kata. "Lete hapa, bwana."

"Siwezi."

"Atakufa mikononi mwako."

Msellem alitazama kata, akatazama kasuku, akatazama njia ya kilimani ambako hakuna mtu. Hakusema ndiyo. Aliteremsha tundu, basi, mpaka likagusa mawe. Mize akakitoa kibakuli cha Mkubwa, kilichokuwa cha shaba ingawa hakuna aliyejua hivyo tena, akakimwaga, akakisugua mbele yao wote, akakijaza. Kasuku akanywa. Alikunywa kwa kelele, bila aibu, kama anavyokunywa mlevi wa maji. Kisha akapanda juu ya kijiti chake, akafumba macho, akapiga mbinja.

Hakuwa Mkubwa. Hakuwa mtu. Ilikuwa mbinja ndefu, ya kupanda na kushuka, kali, ya msituni, ambayo hakuna mtu katika mji ule aliyewahi kuisikia, kwa sababu tangu atoke yaini kasuku huyo alikuwa hajapewa nafasi ya kusema jambo lake. Aliipiga mara ya pili, akashtuka mwenyewe, akaipenda, akaipiga tena. Msellem alikaa chini palepale kwenye majimaji, kanzu na yote, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. "Sijui nifanye nini sasa," alisema. "Hajaniambia nifanye nini."

"Shika makumbi haya," alisema Mize, "usugue."

Wa kwanza kumwaga baada yake alikuwa Pandu. Alitoka na kibakuli cha marehemu tetere amekibeba kwa mikono miwili, akakiinamisha kidogo kidogo, akasita, kisha akakipindua kabisa na kupiga kelele za furaha ambazo hakujua anazo. Hapo mji ukafunguka. Milango ikapigwa teke. Watu walitoka na vibakuli vya udongo, vya bati, vya kaure, wakamwaga, na kila kimoja kilipopinduliwa mtu aliita jina: Baba! Bibi! Kaka! Waliyaita majina kwa nguvu, hawakuyanong'ona, na vichochoro vikatiririka maji meusi, kisha vikatiririka kijani, kisha vikatiririka maji matupu yanayopitisha mwanga. Kisimani kamba haikukauka. Aliyekuwa na kata alimjazia asiye na kata. Majivu yakaisha, wakatumia mchanga. Tundu hadi tundu ndege wakanywa, mmoja akajaribu sauti, mwingine akamjibu, na kabla hujasema lolote mji mzima ulikuwa unalia kwa ndege, chiriku, tetere, kanari, mnana, kila mmoja na lake, fujo tupu, fujo tamu, huwezi kumsikia aliyesimama kando yako. Na Tunu, mdogo yule wa kutosha kwenye kikombe, aliwafunika wote.

Jua likateremka. Lilipogusa paa la soko watu walipiga vigelegele. Lilipozama nusu, walishikana mikono, kwa maana kulikuwa na watoto pale ambao hawajawahi kuona rangi hiyo. Magharibi iliingia, magharibi ya kweli, yenye ubaridi wake na harufu ya moshi wa jikoni.

Ndipo wakaja. Walishuka kilimani kwa makundi, mizigo kichwani, viatu vimewaishia, wanakimbia kama watu wanaoogopa wimbo usije ukakatika. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wake. Kaka yake Pandu alikuja. Mkubwa naye alikuja, kumbe ni mtu mfupi mwenye mafua, akaomba maji kwa sauti ndogo.

Bi Kazija alisimama mlangoni, miguu imejaa vumbi. Mize aliinuka mbele yake.

"Nimemwaga, mama," alisema. "Maji yako. Niliyamwaga."

"Nimeona kichochoro."

"Walisema utapotea."

"Nilikuwa nimepotea, mwanangu!" Bi Kazija aliuachia mzigo ukaanguka. "Tulikuwa hapo tu kilimani. Hapo! Miti mitupu, alasiri haiishi, kila njia inafanana na mwenzake. Tunatega sikio, kimya. Tunasema mji umekufa au umehama. Mpaka huyu mshenzi mdogo alipofungua mdomo." Alimwonyesha Tunu kwa kidole chake cha bizari, na machozi na kicheko vilimtoka kwa pamoja, kicheko kilekile cha kuamsha majirani. "Kidole! Hiki? Hiki kinajua njia ya chungu cha pilau, basi!"

Walikumbatiana mpaka wakaishiwa pumzi. Kisha Bi Kazija, kwa mazoea tu, mtu aliyechoka ambaye mwili wake unakumbuka mambo yake, aliinama mbele ya tundu na kukinyoosha kile kidole kuelekea majini. Tunu alikidonoa.

"Aa!" Bi Kazija alikivuta, akakitazama, akakitia mdomoni kama mtoto. Akamtazama binti yake. "Ananijua?"

"Anakujua, mama. Ndiyo maana."

Bi Kazija akatikisa kichwa, akacheka tena, akaenda kunawa mikono. Mize akakishika kibakuli. Maji yalikuwa ya jioni ileile, ua la buluu linaonekana chini bila kasoro. Akatoka nayo nje akayamwaga, akateka mengine.